Boma Lililofunguliwa na Msichana

Nilipokuwa mtoto nilivunja mwiko mmoja tu mkubwa, na niliuvunja kwa shoka, mchana kweupe, watu wakitazama. Jamaa zangu wa Ugenya hawajausahau. Kila nikienda mazishini huko, kuna mtu atakayenitazama kidole cha pete, halafu atageuza macho kwa huruma. Huruma hiyo siipendi, na ndiyo maana nimeona niseme mwenyewe ilivyokuwa.

Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha saruji, na sisi tulikuwa tumepanga chumba kimoja Kitengela, mama, mimi na mdogo wangu Akoth. Mafao ya baba yalipotoka, mama hakupeleka hata shilingi nyumbani kujenga kaburi la vigae kama alivyoshauriwa. Alinunua kipande cha ardhi upande wa kwenda Isinya na kukiandikisha kwa jina lake. Watu walisema ameharibikiwa. Mama akasema ana watoto wawili na wote wanahitaji pa kulala.

Anayeijua Kitengela ya leo pekee hawezi kuamini palivyokuwa. Udongo ulikuwa mweusi, wa kung'ang'ania viatu wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa jua, na juu yake ilijaa migunga mifupi, kuanzia barabarani hadi macho yanapochoka. Mgunga wa kule una kiburi. Una miiba mirefu myeupe, na katikati ya miiba kuna vinundu vyeusi vilivyo wazi ndani, ambamo sisimizi wamejifanyia makao. Upepo ukipita kwenye matundu ya vinundu hivyo, mti mzima hupiga mluzi. Ukiugusa tu, sisimizi wote hutoka kukuuliza unataka nini. Huwezi kujenga hata choo mahali kama pale kabla ya kufyeka na kung'oa visiki, kwa hiyo mama alitafuta watu wa kazi hiyo, kundi la Mzee Mutiso.

Hapo ndipo mila ilipoingia. Kwetu Wajaluo boma jipya halianzwi ovyo. Mwanamume mwenye boma hutangulia na jogoo, mwanawe wa kwanza wa kiume hufuata na shoka, na mke hubeba moto. Shoka la mtoto huyo ndilo linalogusa kichaka kwanza. Anayekiuka huandamwa na chira, ule ugonjwa wa kudhoofika unaoingia kwenye nyumba ya aliyevunja mila, na kwa kawaida huanza na watoto. Mama alikuwa mwimbaji wa kwaya na hakukosa ibada hata moja, lakini chira aliiogopa. Asichekwe kwa hilo. Alikuwa ameshamzika mume, na hakuwa na mtoto wa kiume wa kumbebea shoka.

Habari zilifika Ugenya kabla panga halijanolewa. Baba Mdogo Odongo, mdogo wake baba, akaja. Alikuja na jogoo ndani ya kikapu, na mwanawe Ochieng' wa rika langu, na shoka jipya, na Dani, yaani bibi yetu mzaa baba. Alizungumza kwa upole mwingi. Alisema yeye atatangulia na jogoo kwa niaba ya marehemu, Ochieng' atakata mti wa kwanza, kisha watarudi zao na mambo yatakuwa yamekwisha.

Mama alielewa, na hata mimi nilielewa. Boma ni la yule aliyetangulia. Karatasi zingebaki na jina la mama, lakini mbele ya ukoo mzima tungekuwa tunaishi kwa Baba Mdogo, siku moja kwa Ochieng', na mjane anayeishi kwa shemeji yake hana neno la mwisho hata juu ya mlango wa chumba chake. Ilimbidi mama achague kati ya kupoteza boma na kuhatarisha watoto. Usiku ule nilimsikia akigeukageuka kitandani.

Asubuhi tulisimama wote ukingoni mwa ploti. Vijana wa Mutiso walikuwa wamekaa juu ya sururu zao wakingoja. Ng'oto Sankale, mama wa Kimasai aliyeishi upande wa pili wa njia, alikuwa amekuja na punda wake kuomba matawi ya miiba ya kuzungushia zizi la ndama. Mzee Mutiso naye alikuwa na sharti lake, maana watu wanaofyeka ardhi za wengine wana imani zao pia. Hakuwa akigusa kichaka kabla mwenye ardhi hajakata mti mmoja. Kama kuna kitu kimelala ndani ya ardhi ile, kiamke kimwone mwenyewe, kisimwone Mutiso.

"Mwenye shamba ni nani?" akauliza. "Akate moja, ndio watu wangu waingie."

Baba Mdogo akapiga hatua mbele na jogoo wake. Mama alikuwa ameshika mkono wa Akoth, akitazama chini. Ng'oto Sankale, ambaye hakuwa akielewa kinachosubiriwa, akamuuliza mama yangu yule mzee mwenye jogoo anatafuta nini, na mama akamweleza kwa sauti ndogo. Ng'oto Sankale akacheka hadi shanga zake zikalia.

"Sisi, mwanaume hajengi nyumba," akasema. "Yangu nimejenga na hii mikono. Mzee akikuja, anaingia kwa nyumba yangu. Sasa nyinyi mnangojea mwanaume wa nini?"

Baba Mdogo akajibu kwamba hayo ni mambo ya Wamasai, na kwamba ugenini si mahali pa kusahau kwao. Ng'oto Sankale akamuuliza kwa adabu kabisa ni nani hapo aliye ugenini. Vijana wa Mutiso waliinamisha vichwa kuficha meno.

Ochieng' akasukumwa mbele. Maskini, hakuwa ameuona mgunga maishani mwake. Alishika tawi kwa mkono wa kushoto ili alivute, kama mtu anayekata mpera, na sisimizi wakamwingia hadi kwapani. Alitupa shoka akaruka nyuma akijipangusa, na baba yake akawa anamkaripia na kumpangusa kwa wakati mmoja. Shoka lilianguka karibu na miguu yangu.

Nimeulizwa mara nyingi nani alinituma. Hakuna aliyenituma. Nililiona shoka liko chini, nikaona mama hatamki neno, nikakasirika. Nilimkasirikia Baba Mdogo na upole wake, nikamkasirikia baba aliyekufa, hata jogoo nilimkasirikia. Nikaliokota.

Dani ndiye aliyenisimamisha. Hakupaza sauti. Alikuwa akinipenda kuliko wajukuu wake wote, na kila mtu alilijua hilo.

"Adhiambo, weka hiyo kitu chini," akasema. "Msichana akifungua boma, boma linamshika. Haolewi. Anazeekea hapo hapo."

Dani hakuwa mtu wa kutisha watoto kwa mazimwi. Alichokisema kilitokea, na nilishamwona akitabiri mvua, ujauzito na vifo. Nikamgeukia mama. Alikuwa ameinua uso, na machozi yalikuwa yakimtoka, lakini hakuwa akilia kwa sauti.

"Kata," akasema.

Ulikuwa mgunga mdogo, unene wa mkono wa mtu mzima. Uliniuma kabla sijaukata, na uliniuma wakati wote nikiukata. Sikukata vizuri. Nilipiga hapa na pale kama mtu anayepigana, na ulipolala chini nilikuwa nimevimba hadi shingoni. Mzee Mutiso aliutazama, akaitikia kwa kichwa, akawaambia watu wake waingie. Baba Mdogo alimchukua mwanawe na jogoo wake wakaenda stendi bila kuaga.

Dani alibaki. Jioni alinipaka mafuta ya ng'ombe aliyopewa na Ng'oto Sankale, kidole baada ya kidole, taratibu. Hakuniomba radhi, wala hakupunguza hata neno moja la alichosema.

Kazi ya kufyeka niliijua siku zile. Nilikuwa nikitoka shule nakwenda kutazama jinsi vijana wanavyoanza na matawi, kisha shina, kisha wanalizunguka kwa sururu wakifuata mizizi chini kwenye ule udongo mgumu. Mgunga ukiukata tu juujuu hurudi na hasira zaidi, ndiyo sababu kisiki hakiachwi. Ng'oto Sankale alibeba miiba yote akazungushia zizi lake. Kuta zikaanza kupanda.

Kabla mabati hayajafika, Akoth akaugua. Alichemka mwili, akakataa chakula, akakonda hadi sketi ya shule ikawa inamteremka. Nani angesema hiyo si chira? Baba Mdogo alipiga simu kwa mwenye duka, akataka mama aitwe. Alisema dawa inajulikana: nyumba isimamishwe, yeye arudi na jogoo, kila kitu kianzwe upya. Nilisimama karibu nikisikia sauti yake ikitoka kwenye ile simu, na sijawahi kuogopa vile tena. Mama alimwambia kwamba mtoto amelazwa, daktari amesema ni homa ya matumbo, na kwamba ataendelea kujenga. Akakata simu.

Jioni ile, kwenye benchi la zahanati, nilimwambia mama kwamba ni mimi ninayemuua Akoth. Alinivuta kichwa akakilaza mapajani mwake.

"Kama ni wewe, basi ni mimi niliyekuambia ukate," akasema. "Lala sasa."

Akoth alipona. Leo ni mwalimu, ana watoto watatu na sauti ya kuita wanafunzi wa shule nzima. Tulihamia kwetu mvua zikianza, sakafu ikiwa bado vumbi, na mama aliwasha moto wake mwenyewe.

Dani hakukosea. Sikuolewa. Wanaume walikuja, na mmoja, fundi seremala wa Ngong, alikuwa mwema kweli. Alitaka nihamie kwao na niache kazi yangu. Nililia kwa ajili yake muda mrefu, nisiseme uongo, lakini sikuhama. Kazi yenyewe ni hii ya kufyeka. Nina vijana wangu, misumeno ya injini, na buldoza ninayokodi ardhi ikiwa kubwa. Tunafanya Isinya, Kiserian, hadi Mashuuru. Nimeona kila aina ya wenye ardhi. Familia moja kutoka Garissa ilimleta shehe akasoma dua kwenye pembe zote nne. Wengine huja na mchungaji na chupa ya mafuta. Kijana wangu mmoja huwa ananinong'oneza, "Madam, hawa wasee watamaliza kuomba saa ngapi?" Namwambia azime injini angoje. Mtu anayeingia kwenye ardhi yake mara ya kwanza ana haki ya kuogopa.

Desemba iliyopita mama aliamua kuiandikisha ploti kwa jina langu na la Akoth. Hata karatasi hazijakauka wino, Waya Auma, dada yake baba, akafika kutoka Ugenya. Alikuwa na Ochieng', ambaye sasa ana kitambi na mvi, na chupa ya manyasi, dawa ya mitishamba ya kuondoa chira. Tuliwakaribisha vizuri. Baada ya chakula Waya akaeleza shida yake kwa upendo, na naamini ulikuwa upendo. Ninywe dawa, nisafishwe. Kisha Ochieng' akate mti mmoja hapo uani, boma lifunguliwe upya kwa utaratibu, nami nitapata mume hata kwa umri huu. Chupa ikawekwa mbele yangu.

Mama alinitazama. Safari hii sikungoja aniambie.

"Waya," nikasema, "Dani alisema boma litanishika. Kama ni kweli, basi limenishika mimi, halikumshika Ochieng'. Na kama si kweli, hii dawa ni ya nini?"

Ochieng' ndiye aliyeanza kucheka, polepole, akijikuna mkono. Mama akasogeza birika na kumwongezea Waya chai. Waliondoka na chupa yao, na Waya alinikumbatia getini kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Siku hizi wasichana wa kanisani kwetu hunisifu. Wanasema nilikuwa jasiri kwa sababu sikuamini mambo ya kale. Huwa nawasahihisha, ingawa hawapendi. Sikuwa nimefunguka macho. Nilijua kwamba nikikata sitaolewa, nililijua kama nilivyojua jina langu, na nilikuwa mtoto niliyependa sana harusi. Niliamini kila neno la Dani, nikamtazama mama, nikakata.