Niliandika "Mama Amepumzika"

Jamani, yaliyonikuta leo!

Mchana mama karuhusiwa hospitali. Tumefika nyumbani Uyole, akalala, nikaandika hapa mtandaoni: "Mama amepumzika. Asanteni kwa maombi."

Pole zikaanza kumiminika!

Mama mkubwa, dada yake mama, akaisoma huko Iringa, akajua amefariki. Akapanda basi analia, na presha yake ile. Napiga, hapokei. Masaa mawili!

Kuja kupokea, yuko njiani, kafika Igawa. Nikampa mama simu.

"Dada, ni mimi. Nakunywa uji."

Halafu mama mkubwa akapiga kigelegele, na abiria wakamuitikia.

Nataka kufuta akaunti, naogopa nisije nikamuua mtu kwa presha. Lakini juzi niliomba damu ya kumwongezea mama humuhumu, wakaja watu wanne nisiowajua kabisa.

Nyie mngefanyaje?