Nailoni ya Siti Mpya

Siku ile tulikuwa wanne uani: mimi, mdogo wangu wa kiume aliyekuwa kidato cha pili, mdogo wetu wa kike, na fundi baiskeli wa njia panda ya Mkiwa, aliyekuja na siti mpya kwapani. Hatukuwa tumemwita. Ndiyo maana sikuharakisha kumletea kigoda.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Nimechoka kumwona huyu akipita kwangu amesimama kwenye pedeli kama jogoo juu ya tenga. Fungeni hii."

Siti yetu ya zamani ilikuwa plastiki ngumu iliyopasuka, tumeifunga kwa mpira wa tyubu. Ilishakula suruali ya shule ya mdogo wangu, nikaitia viraka. Nyingine hakuwa nayo. Mimi shule niliiacha wazazi walipofariki, nikabaki na jembe na kuku wa kuuza. Nilikuwa nimeapa kwamba yeye hataiacha, na hasa hataiacha kwa sababu ya tundu la makalioni.

"Bei gani?"

"Sitaki hela. Alizeti yangu ikikauka, mtakuja kuipiga itoe mbegu."

Nikamtazama mdogo wangu wa kike, kisha nikamtazama fundi.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Sijaleta mahari. Nimeleta siti."

Alipoondoka niliigeuza, nikatafuta mikwaruzo, maana huenda iling'olewa kwenye baiskeli ya mtu. Haikuwa na hata mmoja. Ilikuwa pana, ina jeli ndani, inabonyea kama andazi, na nailoni ya kiwandani bado imeibana. Mdogo wangu wa kiume akaanza kuichana. Nikampiga mkono.

"Acha! Tukigundua ana lake jambo, tunamrudishia ikiwa mpya."

Tukaifunga na nailoni yake. Haikuwa ajabu. Godoro letu nalo lilikuwa na nailoni yake, na majirani wenye makochi hawakuwahi kuyavua.

Mvua zilikatika mapema, barabara ikawa mchanga mtupu. Jioni moja mdogo wangu alilalamika.

"Dada, inalia kama mtu anafungua biskuti kanisani."

"Iache ilie."

Kisha suruali ikaanza kulika upya, pande zote mbili, pembeni mwa viraka vyangu. Siti laini hivi inakulaje nguo? Nilianza kumshuku mdogo wangu.

"Unabeba abiria badala ya kwenda darasani?"

"Abiria nimkalishe wapi, dada? Keria yenyewe ilivunjika."

Mdogo wetu wa kike akacheka mpaka akamwaga maji. Mimi sikucheka. Kila jioni nilikuwa nakagua madaftari ya yule wa kiume kwa siri kuona kama ameandika.

Jumatatu moja alirudi kabla ya mchana, sweta amelifunga kiunoni. Mwalimu wa zamu alikuwa amemwambia asirudi bila suruali inayofaa. Niling'oa siti, nikaenda nayo kwa fundi, njia nzima napanga maneno.

Hakunipa nafasi ya kuyasema. Alipitisha kiganja juu ya siti, akakitoa haraka. Nailoni ilikuwa imekauka na kukatikakatika, kingo zake ngumu kama kucha, na mchanga umenasa katikati.

"Mwanangu, umemkalisha mtoto kwenye msasa! Mbona hamkuivua?"

Nilianza kuupangusa mchanga.

"Ulikuwa unaitunza, au unanichunguza?"

"Vyote," nikasema.

Akaichana nailoni yote mbele yangu. Chini yake siti ilikuwa nyororo, bila alama.

Nyumbani nilifumua mifuko ya nyuma ya suruali, nikaitumia kuziba matundu, nikashona mistari ya karibu karibu na kupiga pasi ya mkaa. Asubuhi mwalimu aliikagua, akampokea. Jioni mdogo wangu aliingia uani baiskeli ikiwa kimya, nami nikaigusa suruali kabla sijaitikia salamu. Ilikuwa nzima.

Wiki hiyo, nikirudi kuuza kuku, nilipita kwa mara ya kwanza shambani kwa fundi. Nilikuwa nimefikiria vijimistari nyuma ya nyumba. Kumbe alizeti ilianzia barabarani ikaenda mpaka kwenye miamba, na mtu wa kuipiga ni yeye na mkewe tu. Nikaelewa kwa nini alikuja bila kuitwa.

Vichwa vya alizeti bado vilikuwa vibichi. Nilitafuta fimbo tatu nzuri za kupigia, nikazisimamisha nyuma ya mlango. Zipo hapo hadi leo ninapoandika, alizeti haijakauka, na kazi ya shamba lote tunadaiwa.