Bi Mwanaidi wa maabara, mwalimu asiyekuwa kwenye orodha

Leo siku ya nne na akili yangu bado inakataa. Bi Mwanaidi wetu wa maabara ametutoka. Jumanne jioni tuliagana getini, akaniambia, "Kesho niwekee kiti cha mbele." Jumatano alfajiri presha ikapanda, na hospitali hawakuweza kumrudisha.

Wengi hapa hamumjui. Alikuwa fundi sanifu wa maabara kwenye chuo ninachofundisha, hapa Singida mjini. Mimi nilimjua kwa kosa langu mwenyewe, na ngoja niliseme hadharani.

Mwaka mmoja nilikuwa katibu wa kamati ya kumtafuta mwalimu bora. Wanafunzi wanajaza fomu, wanaandika jina la mwalimu na sababu. Nikaanza kukutana na jina moja tu: Bi Mwanaidi wa maabara. Bi Mwanaidi. Tena Bi Mwanaidi!

Nikaangalia orodha ya wahadhiri, hayumo. Nikaziweka zile fomu pembeni, nikaandika juu yake "zimeharibika." Tukampa tuzo mtu mwingine, tukapiga picha.

Lakini mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua. Fomu moja ilikuwa imeandikwa, "Kwake unaruhusiwa kukosea." Sentensi hiyo ilinisumbua wiki nzima. Huyu mama anafanya nini mle ndani?

Alhamisi saa nne, muda wa chai, nikaenda na daftari kama mkaguzi. Nikakuta stoo ya maabara imejaa: wanafunzi waliotoka field kwenye mafunzo ya vitendo, dereva wa chuo, mama wa usafi. Chai ya rangi, viazi vitamu, na yeye kakaa juu ya ndoo aliyoipindua.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Kalamu weka mfukoni. Hapa kiingilio ni kosa lako la wiki."

Nikadhani ni utani. Akaanza yeye mwenyewe: aliosha vyombo vya kupimia unyevu wa alizeti, akavitumia kabla havijakauka, vipimo vya wiki nzima vikawa vya uongo. Alisema hivyo mbele ya wanafunzi wake, anamenya kiazi!

Akafuata kijana aliyekuwa field huko Rungwa, kwenye kikundi cha wafuga nyuki. Alichanganya asali iliyoiva na ambayo haijaiva, ndoo nzima ikachachuka.

"Kabla hujafunga ndoo uliona nini?" akamuuliza.

"Povu kidogo."

"Ukamwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Niliogopa supervisor ataona sijui kazi."

Nilisubiri amgombeze au amfundishe asali inavyoiva. Wala! Akawageukia wengine, "Nani mwingine aliona kitu akanyamaza?" Mikono ikapanda karibu yote, na wa dereva ukiwemo. Nimefundisha miaka kadhaa na darasa langu halijawahi kunyoosha mikono hivyo.

Ikafika zamu yangu. Nikasema, "Wanafunzi walikuandika mwalimu bora, mimi ndiye niliyeziita fomu zako zimeharibika."

Akaniangalia, akacheka mpaka akashika ubavu. "Sasa ulipoona jina geni mara zote hizo, hukutaka hata kuniona?"

"Ndiyo nimekuja, dada."

"Umechelewa. Kula kiazi."

Tangu hapo sikukosa Alhamisi hata moja. Nilimwahidi nitapigania apewe ile tuzo. Akanikatalia katakata. "Cheti waachie wenyewe. Mimi nataka kile kiti cha training."

Kila mwaka chuo kinawapa wahadhiri wapya siku tano za kujifunza namna ya kufundisha. Yeye alikuwa akiwapangia viti na projekta, kisha anatoka nje. Nilimuuliza, wewe unakwenda kujifunza nini pale? Wewe ndiye wa kutufundisha sisi.

"Nafundisha kwa kubahatisha," akasema. "Naona kinafanya kazi, sijui kwa nini. Nitakufa sijui kwa nini?"

Tukaandika barua. Watu wa ofisi ya utumishi wakajibu kuwa mafunzo ni ya wahadhiri tu. Tukaandika nyingine, nikaambatanisha na zile fomu nilizoziita zimeharibika. Mwaka huu wakakubali. Siku aliyopewa jibu alinipigia simu, nikasikia analia. Na mimi nikalia, sioni aibu.

Jumatatu hii mafunzo yalipoanza, alikuja na gauni la sikukuu na daftari jipya. Maswali aliyouliza! Mkufunzi alisahau mpaka chai. Sijawahi kumwona mtu mzima mwenye furaha kama aliyokuwa nayo siku mbili zile. Siku tatu zilizobaki hakuzipata, na hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Jana baada ya hitma binti yake Zainabu amenipa lile daftari. Mama yake ameandika kurasa kumi na moja, herufi za kukandamiza. Ukurasa wa mwisho umeandikwa hivi: "Mwanafunzi anayekaa nyuma hasemi kitu. Kila mwaka yupo. Mkufunzi hakumgusia leo. Mimi namwona, ila sijui nimfanyeje. Kumuuliza mkufunzi kesho."

Nimesoma hapo mara nyingi. Mwalimu bora niliyepata kumwona ameandika "sijui," na alikuwa na hamu ya kuamka akaulize.

Kwa hiyo wanafunzi wake, mliopo Manyoni, Itigi, Iramba na kokote, naomba msiniandikie pole. Kama wewe ndiye uliyekuwa unakaa nyuma kimya, niambie hapa chini: siku ile ulipofungua mdomo kwa mara ya kwanza, alikuwa amefanya nini? Daftari lina kurasa nyingi tupu. Nitaandika majibu yenu humo, kwa mkono wangu.

Dada Mwanaidi, Mungu akulaze pema. Mimi nilikuwa bado sijamaliza kukuuliza.