Mahari ya Serikali

Kwetu Bungoma ulimi huchanganya r na l bila kuomba ruhusa. Ndiyo maana vyuo vya umma vilipojaa, serikali ikampeleka dada yangu mdogo katika chuo cha kibinafsi kule Kitale na kukubali kumlipia karo, mama alitoka nje akipiga vigelegele: "Serikali imempatia mahari!"

Shangazi akauliza ni ng'ombe wangapi. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

"Ni mahali, mama. Mahali pa kusomea."

"Si ndiyo nimesema? Mahari."

Mwaka wa pili dada alishikwa na homa huko huko chuoni, akafa. Gari la chuo lilimleta nyumbani ndani ya jeneza. Wazee wakaamua azikwe nje ya ua, nyuma ya migomba, kwa sababu hakuwa ameolewa. Ati ndiyo desturi. Nilitamani kuwatukana, lakini mama alinitangulia. Alisimama mbele ya mlango wake akaonyesha ardhi kwa kidole.

"Huyu alikuwa na mahari," alisema. "Chimbeni hapa."

Hakuna aliyecheka. Walichimba hapo.

Siku hizi serikali haipeleki tena wanafunzi huko, na geti la kile chuo lina kufuli. Nikipita Kitale nageuza uso, maana kila mara naona msichana wa kimo chake amesimama ndani. Sijamwambia mtu yeyote. Lakini nikirudi nyumbani, mama hunipokea kwa swali moja:

"Umemwona? Ako mahari pake?"