Sukari Guru ya Rajjo

Kamlesh alianza kushona mavazi ya farasi wa harusi mwaka aliofiwa na mumewe, akashona miaka ishirini na saba bila kumgusa farasi hata mmoja. Mahameli nyekundu, puleki, shanga, nyuzi za dhahabu ya bandia: kila bwana harusi wa mtaa ule wa nyuma ya kiwanda cha sukari, karibu na mji wa Meerut, alipanda juu ya kazi ya mikono yake. Yeye harusi aliziona kwenye upenyo wa dirisha. Mjane hasogezwi karibu na bwana harusi, ati ana nuksi. Nguo zake zilialikwa, mwenyewe akaachwa nyumbani. Ungemuuliza angekwambia hajali, na ungekuwa uongo mtupu. Alijali sana.

Siku moja mwenye farasi mmoja alimletea vazi lirekebishwe, na upande wa ndani lilikuwa na damu. Kamlesh akauliza. Yule bwana akasema farasi jike wake, Rajjo, amechanika kano la mguu wa mbele, hafai tena, amempeleka kituo cha kutunza wanyama waliotupwa. Kamlesh alikwenda kituoni "kuangalia tu". Alirudi ametia sahihi karatasi, na nyuma yake anachechemea farasi mweupe, mbavu nje.

"Dada, umerogwa?" Omvati, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alisimama mlangoni kashika kiuno. "Una miaka sitini na moja, magoti yanalia kila ukiinuka, unaleta farasi kilema? Hata mbuzi hujawahi kufuga!"

"Mbuzi hajanilisha. Hawa ndio walionilisha."

"Basi mtafutie na mume kabisa, wewe si unayo mahameli!"

Wakacheka mpaka wakashikana.

Kufuga hakukujua, na alikosea kila kinachokoseka. Alimpikia wali wa dengu. Alimfunika shali yake ya sufi, Rajjo akaila pindo. Daktari Farhana wa kituoni alikuja kila wiki na kila wiki alimgombeza: "Shangazi, huyu si mkweo. Nyasi kavu, pumba, maji. Basi!"

Asubuhi moja Kamlesh alikuwa akigonga debe la unga ili vumbi la mwisho lidondoke. Rajjo akainua shingo, akanyanyua mguu mmoja, akashusha, akanyanyua mwingine, akaanza kucheza. Kamlesh alicheka hadi machozi. Akafikiri, hatimaye mnyama wa watu ana furaha, na akamtuza kipande cha sukari guru. Kesho yake akagonga tena, akatuza tena. Siku tisa. Siku ya kumi daktari akaukuta mguu umevimba.

"Umemfanya nini?"

Kamlesh akaeleza, bado anatabasamu. Daktari hakutabasamu.

"Hachezi kwa furaha, shangazi. Walimfunga miguu wakawa wanapiga ngoma na kumpiga yeye kwa pamoja, mpaka leo akisikia mdundo mwili unaanza wenyewe. Lile kano limebaki uzi. Likikatika sina dawa, ila sindano ya mwisho."

Debe lile alilizika uani. Mavazi ya farasi akayaacha, akaanza kushona foronya zisizo na faida. Miezi minane alimkanda mguu kwa mafuta ya haradali, na miezi minane Rajjo alimwekea kichwa begani kila alipokaa kwenye cherehani, kichwa kizito mpaka mshono ukapinda. Uvimbe ukaisha. Alimpenda, na kwa aibu ya zile siku tisa alizidi kumpenda.

Kisha ikaja harusi ya Pintu, mtoto wa Omvati. Kamlesh akaenda kwa jirani yake.

"Sijawahi kukuomba kitu."

"Najua unachotaka. Kutoka bombani hadi kwa muuza maziwa, kipande chote cha mbele ya nyumba yako, hakuna ngoma. Nani atanibishia kwenye harusi ya mwanangu?"

Na Omvati alitimiza. Alasiri ya siku yenyewe, Kamlesh alikuwa bandani amemziba Rajjo masikio kwa pamba, amekamata kamba kwa mikono miwili. Bendi ilipofika bombani ikanyamaza. Zikasikika nyayo tu. Halafu sauti getini:

"Shangazi! Siendi popote bila baraka yako!"

Alikuwa Pintu, juu ya farasi, na kilemba chake.

"Mjane?" mzee mmoja akanong'ona. "Siku kama ya leo?"

"Kaptula yangu ya kwanza ya shule alinishonea huyu. Anayeona nuksi apite njia nyingine!"

Miaka ishirini na saba. Kamlesh aliifunga kamba kwenye nguzo, dakika moja tu, akachukua mchele, rangi nyekundu na bonge la sukari guru, akatoka. Akampaka Pintu rangi kwenye paji la uso, akamrushia mchele, akavunja sukari, nusu akamtia mdomoni. Nusu ikabaki kiganjani. Wanawake walikuwa wanalia. Omvati alikuwa analia kuliko wote.

Basi mpiga ngoma akapiga. Hakutumwa na mtu. Baraka ikitolewa ngoma huipokea, ndivyo alivyofanya maisha yake yote, na mikono ilimtangulia akili. Matarumbeta yakadakia.

Juu ya ukuta mfupi kichwa cheupe kikaonekana kikipanda na kushuka. Watu wakapiga makofi. "Mtazameni, naye anashangilia!"

"Nyamazeni!" Kamlesh alipiga kelele. "Nyamazeni, nawaomba!" Nani angemsikia? Pintu aliruka chini akapokonya fimbo ya ngoma, na ndipo wote wakasikia lile kano linavyolia likikatika.

Alimkuta amesimama kwa mitatu, jasho linamchuruzika, pamba chini. Rajjo hakuuangalia mguu. Aliangalia kiganja cha Kamlesh. Alikuwa amecheza, sasa alingoja tuzo yake.

Kamlesh akakifungua. Rajjo akala ile nusu yote, akalamba kiganja taratibu, kama zile siku tisa, na Kamlesh akamshikilia shingo mpaka daktari alipofika na sindano. Pintu alikwenda kuoa kwa miguu, bila ngoma.

Siku hizi Kamlesh anaalikwa kila harusi ya mtaa, tena anawekewa kiti cha mbele. Habari za nuksi hakuna anayezitaja. Kadi anazipokea kwa mikono miwili, anashukuru. Siku ikifika anafunga mlango, anaziba upenyo wa dirisha kwa foronya, na anajitia pamba masikioni.