Nimeuliza nafuu ya kodi, nimepewa gari

Leo kanisa limenipa gari, na niko na hasira mpaka kichwa kinaniuma.

Wiki jana nilimuuliza mzee wa kanisa, yule hutujazia fomu za kodi, swali moja tu.

Ukinunua gari jipya linalotumia mafuta na stima pamoja, unapunguziwa kodi. Ukiwa na gari la kawaida hapa Virginia, jimbo linakusaidia kulipa kodi yake ya kaunti. Sasa mimi ninayetoka Annandale kwa basi kila asubuhi kwenda kutunza wagonjwa, sichafui hewa, sijazi barabara, nafuu yangu iko wapi?

Akacheka. "Sista, hiyo haiko kwa fomu."

Nikadhani yameishia hapo. Kumbe alisikia nikilia shida!

Leo baada ya matangazo naitwa mbele. Pasta ananishika mkono: "Dada yetu amekuwa akiteseka kimya kimya."

Nkt! Kuteseka gani? Mimi kwa basi hulala vizuri kuliko kitandani.

Kina mama wakapiga vigelegele. Mzee akanikabidhi ufunguo wa gari lake la zamani, halafu akaninong'oneza: "Usisahau kulisajili kwa kaunti. Kodi yake inakuja kila mwaka."

Yaani nimeomba nafuu kwa kutokuwa na gari, wakanipa gari na kodi yake.

Na leseni sina.

Nimerudi nyumbani kwa basi, ufunguo ndani ya mkoba.

Hebu niambieni, mtu hurudishaje gari ambalo kanisa zima limeliombea?