Baiskeli Isiyo na Keria

Msimamizi wetu kwenye ghala la korosho, Kitangari, aliniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha: "Karani, ukichelewa tena, mizani ataishika mwingine." Nilikuwa nakwenda kazini kwa miguu, na mimi ni mtu ambaye kutoka barazani hadi jikoni kwangu ni safari.

Nikashuka Masasi kutafuta baiskeli. Hela yangu ilitosha mtumba tu. Muuzaji akanitolea mbili. Moja nyeusi, nzito, keria yake pana kama kitanda cha mtoto. Nyingine ya gia, ile ya milimani, tairi nene zenye meno, nyuma haina kitu.

"Chukua yenye keria, kaka," alisema. "Hiyo ya gia ni ya kapera."

"Ndiyo ninayoitaka."

"Na huko kwenu juu maji mtabebea wapi? Kwenye kengele?"

Hakujua amenigusa penyewe. Naishi ukweni, kama wanaume wengi wa kwetu. Maji huku ni ya kufuata mbali, na baiskeli yenye keria haina mwenyewe, ni ya madumu. Mama mkwe akiomba, mkwe hakatai. Mimi hata usoni simtazami. Akinisemesha, natazama kuku wake. Basi nikapiga hesabu kwa akili zangu zote za kidato cha nne: isiyo na keria haiombwi. Nikaizungusha mara mbili mbele ya duka. Gia ya tatu iliruka, breki ya nyuma ikalia kama mbuzi. Nikajifanya sikusikia.

Siku tatu mfululizo niliwahi kazini, mchanga wote naukata. Msimamizi akaniuliza kama naumwa.

Jumapili nilitoka kuoga, baiskeli haipo.

"Mama kaipeleka kwa fundi," alisema mke wangu, akiwa anatazama pembeni.

Ikarudi na keria ya nondo, imechomelewa, imara kuliko baiskeli yenyewe.

"Mwanangu," mama mkwe alisema, "nimekuona unahangaika, huna hata pa kuweka mzigo. Fundi nimempa kuku wangu wawili, ndio waliokuwa wamebaki."

"Ahsante, mama."

Mke wangu aliingia ndani, nikamsikia anachekea kwenye kanga.

Kuanzia Jumatatu, kila alfajiri nilikuwa kwenye foleni ya bomba, mwanamume peke yangu mwenye kalamu mfukoni. Wanawake walinipisha siku ya kwanza. Siku ya pili walinizoea. Alhamisi foleni haikusogea kabisa, na nilipojaza dumu langu jua lilikuwa limekwishapanda. Nikipitia nyumbani kwanza, mizani imekwenda kwa mwingine. Nikanyonga moja kwa moja hadi Kitangari, dumu nyuma, gia zikiruka zinavyotaka.

Msimamizi alitazama saa, akatazama dumu.

"Hayo maji?"

"Maji, mzee."

Ghalani hatukuwa na maji tangu jana yake. Alichota kikombe, akanywa, akachota kingine.

"Umechelewa," alisema. "Kesho lete mawili."

Kwa hiyo mizani bado ninayo. Jioni nilirudi na dumu tupu. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni, sufuria miguuni, ananisubiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Maji yako wapi, mwanangu?"

Nikageuza macho. Kuku wa kutazama hakuwepo.